Nililisaidia Gari la Madam Kukata Kona

Naandika uso ukiwa bado unawaka. Kigari cha babu, ambacho hutupeleka kanisani hapa Ipagala, ni cha zamani na springi zake zimelegea. Kikikata kona ya kulia kinalalia kushoto, basi babu hupaza sauti, "Wajukuu, kulia!" nasi sote tunaegemea kulia kukisawazisha. Nimekua hivyo.

Leo madam mkuu wa shule alinipa lifti kwenye gari lake jipya kwenda kwenye mdahalo Msalato. Nina aibu mno, na alishasema nikizidi kunyamaza nafasi yangu ya kuzungumza atampa mwingine. Nikakaa mbele, kimya. Tukaingia kipilefti, ule mzunguko wa barabarani, kwa kasi, gari likikata kulia. Gari halikuyumba hata kidogo, ila mimi niliegemea kulia kwa nguvu zangu zote, kichwa kikatua begani kwa madam.

"We mtoto, unaumwa?"

"Hapana, madam. Nasaidia gari lisilale. Kwenye gari la babu ndivyo tunavyofanya."

Akaegesha pembeni, akacheka mpaka akavua miwani. "Na breki je, mnazisaidiaje?"

"Hapo huwa tunasali, madam."

"Kumbe mdomo unao! Mdahalo utaufungua wewe."