Jiko la Spiriti na Mtungi wa Mama Riziki

Siku yangu ya kwanza kazini, pale bandari ya Kalundu, nilijiona fundi wa injini ya boti. Kapiteni akanituma jikoni. "Weye uanzie mule," akasema. "Ile jiko iko nasumbua."

Lilikuwa jiko la spiriti, lilikuja na boti kutoka kwa tajiri wa kwanza aliyeimiliki. Nyinyi vijana hamkuliwahi: unajaza spiriti kwenye kikopo, unawasha, na mchana moto wake hauonekani kabisa. Mpishi wetu, Mama Riziki, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa amekosa spiriti mjini akajaza lutuku, ile pombe kali ya mihogo, aliyoinunua huko Sange. Lutuku ina maji, moto ukafifia. Akadhani umezimika, akaongeza, ukamrukia mkono.

Kapiteni alitaka kumshusha Mama Riziki kwenye bandari ya Baraka amwache huko. Nilimhurumia, nikaomba siku mbili nifunge jiko la gesi. Nikazungushia vyuma vya kuzuia sufuria zisiteleze wimbi likija, nikapitisha mpira wa gesi. Pakabaki mahali pa mtungi.

"Utie mule chini, karibu na mashini, tufunge kufuli," Kapiteni akaagiza. "Huku juu wataiba."

Nilijua ni kosa. Gesi ikivuja haipandi. Inashuka na kulala chini ya boti, na cheche moja ya injini inatosha. Lakini nilikuwa mgeni, nikafyata mkia. Nikaanza kuushusha mtungi.

Mama Riziki akaniuliza, "Fundi, hiyo kitu ikitoka, inaenda wapi?"

"Inashuka."

"Kwa mashini?"

Nikaendelea kuushusha mtungi. Akaenda mwenyewe kwa Kapiteni, bandeji mkononi, yeye ambaye kazi yake ilikuwa inaning'inia.

"Minye sitapika kama mtungi iko mule. Gesi ikitoka inashuka kwa mashini, tutaungua wote. Ukitaka kunishusha, unishushe sasa."

Kapiteni akaniambia nitafute mnyororo. Tukaufunga mtungi juu, penye upepo.

Katika boti ile nimetumikia makapiteni watano, na wote walinisifu kwa jiko lile. Nilizipokea sifa, Mungu anisamehe. Mwaka huu, baada ya kustaafu, nilikwenda kwa Mama Riziki, nikamwambia naona haya mpaka leo, maana nilijua hatari nikanyamaza.

Akanimiminia chai kwanza.

"Nilijua unajua," akasema. "Nilikuuliza ili uende weye. Haukuenda, nikaenda minye."