Mwembamba Si Aliyekonda

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali ya Njombe, Matroni alinisimamisha mbele ya mzani akaniambia, "Binti, mzani hauna shemeji. Ukimwonea mtu haya, utaandika uongo." Nilimwogopa mama yule, lakini hilo nililishika. Baridi ya Njombe humvisha mtu sweta juu ya sweta, hivyo nusu ya kazi yangu ilikuwa kuwabembeleza watu wazima wavue, wengine wakininunia kama nimewatukana.

Baadaye nikahamishiwa kituo cha afya kimoja Makambako. Zilikuwa enzi za ruksa: mashirika ya umma yanauzwa, wafanyabiashara wanafungua maghala, na mwajiri anataka cheti cha afya. Afya yenyewe kwao ilikuwa mashavu! Tajiri wa malori mwenye kitambi alisifiwa ana afya, na mwembamba alinyooshewa kidole kwamba ana ugonjwa ule.

Sisi wauguzi tulikuwa na hesabu yetu. Unachukua uzito wa mtu mzima kwa kilo, unaugawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likiwa chini ya kumi na nane na nusu, uzito ni pungufu. Kutoka hapo hadi kabla ya ishirini na tano ni wa kawaida. Kutoka ishirini na tano umezidi, na kuanzia thelathini ni kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Hesabu hiyo haimhusu mjamzito, haitofautishi misuli ya kuli na mafuta ya tajiri, wala haioni ndani ya damu. Anayekwambia inaona, anakudanganya.

Ndipo akaja Fausta, mjane wa Lyamkena, akisindikizwa na mama yake, akiomba kazi ya kuchambua maharage ghalani. Alivaa sweta tatu. Nikamwambia avue.

"Sista, nikivua kazi imekwenda," alisema, machozi yakimlenga. "Watoto watakula nini?"

"Vua, mama. Nipime mtu, nisipime sufu."

Kilo arobaini na nane, mita moja na sentimita hamsini na nane. Nikagawanya, nikapata kumi na tisa na ushee. Uzito wa kawaida. Nikaandika anafaa.

Mchana Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, akaniita ofisini.

"Sista, meneja wa ghala amelalamika. Andika hafai, tumalizane."

"Hafai kwa lipi, Mkuu?"

"Si unamwona? Amekonda."

"Amekonda kutoka wapi? Kukonda ni kupungua. Tumempima leo tu, hatujui jana alikuwaje. Yule ni mwembamba, na mama yake aliyemsindikiza ni hivyohivyo."

"Unanifundisha Kiswahili?"

"Hapana, Mkuu. Nakataa kuandika."

Cheti kikaenda kama nilivyokiandika, na meneja, baada ya kununa sana, akampokea Fausta. Mimi nikaletewa uhamisho kwenda zahanati ya mbali upande wa Lupembe, "kwa manufaa ya umma". Enyi vijana, mkiyasikia maneno hayo, fungasheni.

Kabla sijaondoka Mganga Mfawidhi aliniita tena, safari hii kwa upole. "Sema tu ulikosea kupima. Barua hii naichana sasa hivi."

Nilikuwa na mtoto mchanga na nyumba ya kupanga niliyoizoea. Lakini nikisema nilikosea, kesho Fausta yuko nje ya geti. Nikamuaga Mkuu, nikapanda lori la chai na magodoro yangu.

Nimestaafu sasa. Waliokuja baada yetu wana mashine zinazowafanyia hesabu, nami siwaonei wivu. Nawaomba tu wasiyaachie macho ya jirani yajibu badala ya mzani. Mganga yule naye amestaafu. Tukikutana sokoni Njombe tunasalimiana vizuri, tunaulizana wajukuu, kisha ananitania: niko tayari sasa kukiri kwamba nilikosea?

Namwambia ningekosea, ningekiri palepale mezani kwake. Sikukosea.