Madamu Ndiye Aliyenifanyia Mtihani

Jamani, mimi ni mtu mbaya. Naanza na hilo mapema ili asitokee mtu wa kunionea huruma katikati ya maneno. Nilimtosa mwenzangu mchana kweupe, na hakuna aliyenituma.

Nilikuwa dalali wa vyumba na viwanja pale Kasulu mjini. Dalali wa mdomo: huna ofisi, huna karatasi, una simu na viatu vilivyoisha kisigino. Kisha tukaitwa kwenye kikao, tukaambiwa mambo ya kubahatisha yamekwisha. Anayetaka leseni alete cheti cha mafunzo ya kazi hiyo. Wenzangu wakaguna. Mimi nikajiandikisha kwenye chuo kimoja kinachofundisha kwa simu, masomo humo, mtihani humo humo.

Sikuelewa hata ukurasa wa kwanza! Sheria ya ardhi, uthamini, mikataba... Nasoma mistari mitatu, nasinzia.

Ndipo akaja Madamu. Kila mtu alimwita hivyo kwa sababu kwao Kongo alikuwa mwalimu. Aliishi kambi ya wakimbizi na wanawe wawili, na akipata kibali cha kutoka alikuja mjini kuuza vitenge. Siku moja alipumzika kibarazani kwangu, akaichukua ile simu, akanieleza sheria ya ardhi kama anavyoelezwa mtoto kuosha vyombo.

Basi nikamgeuza punda wangu. Kila akija, vitenge vinawekwa kando, anafanya mazoezi yangu. Hata mtihani wa mwisho aliufanya yeye, mimi nimekaa mlangoni nachambua maharage.

"Diplome itatoka, dada," aliniambia akinirudishia simu. "Lakini mu kichwa hujaweka kitu. Kuya nikufundishe polepole."

"Ya nini, na wewe upo?" nikamjibu. "Tutafanya kazi pamoja."

Nilifaulu vizuri sana. Yaani alifaulu. Nikapanga kachumba ka ofisi, cheti nikakitundika ukutani, leseni chini yake, na Madamu nikampa kiti cha nyuma, karibu na ndoo ya maji. Wateja nawapokea mimi, mikataba anaandika yeye.

Kilichoniwasha ni mdomo wa Alhaji mmoja mwenye duka la mabati. Alikuja kutafuta nyumba ya kununua, akaniuliza kama nyumba yenye karatasi ya mwenyekiti wa mtaa tu anaweza kuiweka dhamana benki. Nikaanza kukohoa. Madamu akajibu kutoka kule nyuma, taratibu, hatua kwa hatua. Alhaji akacheka mpaka kofia ikamkaa upande.

"Bibie, kumbe cheti chako, elimu ya mwenzio! Basi mimi nitaongea naye."

Akageuza kiti, akanipa mgongo. Ofisini kwangu! Nilihisi uso unaungua.

Wiki ile kibali cha Madamu kilikuwa kimekwisha. Nilijua, kwa sababu aliniambia mwenyewe, akiniomba nimvumilie siku mbili amalizie karatasi za nyumba aliyoipata Alhaji ndipo arudi kambini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikatoka kama naenda kununua vocha, nikaenda kumchongea kwa maofisa wa uhamiaji.

Walikuja saa nne asubuhi, maofisa wawili. Wakamkuta na kalamu mkononi.

"Huyu unamfahamu?" mmoja akaniuliza.

"Simjui. Huwa anapita na vitenge."

Mawe! Nilisema hivyo huku mwandiko wake uko mezani mbele yangu. Nikangoja alipize. Neno moja tu kuhusu ule mtihani, nami ningekwisha. Aliniangalia kidogo, akafunika kalamu.

"Ni kweli, shefu," alisema. "Huyu mama hanijue. Nilikuwa napumuzika tu."

Alinisitiri! Mimi nimemuuza, yeye ananisitiri!

Na mnadhani nililia? Nilifurahi. Walipoondoka naye nilikivuta kile kiti cha nyuma nikaweka miguu juu.

Furaha yenyewe haikufika mwezi. Karatasi za nyumba ya Alhaji nilizimalizia mwenyewe. Muuzaji akasaini, mashahidi wakasaini, nikagonga muhuri. Madamu angeanza kwa kuuliza, "Na bibi yake iko wapi?" maana kwao bibi ni mke. Mimi sikuuliza. Mke wa muuzaji alikuwa Munanila anamuuguza mama yake. Aliporudi na mtoto mgongoni, alikuta mafundi wa Alhaji wameshaezua bati za jikoni. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, mtoto analia, hakuna wa kumpokea.

Tukaitwa kwenye baraza la ardhi. Wakaniuliza mbele ya watu: wewe msomi, mume anauza nyumba ya familia, ridhaa ya mkewe iko wapi? Sikujua hata kama inatakiwa! Alhaji akatikisa kichwa. "Yule mama Mkongo yuko wapi? Mwiteni ajibu yeye." Watu wakaangua kicheko. Mauzo yakavunjwa, leseni yangu ikafutwa.

Ndipo nikafunga safari ya kambini. Nawaambia ukweli, sikwenda kuomba msamaha. Nilikwenda na daftari, anisaidie kuandika rufaa!

Pale njia ya kuingilia nilimkuta jirani yake, mama anayeuza sombe, yale majani ya muhogo. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Madame alijiandikisha kwa benye kurudishwa kwao, akarudi Kongo na batoto yake," alisema. "Tangu bamukamate, hawakumupa tena kibali. Tulimuambia, kule vita haiyaisha. Akasema, huku nako hakuna mutu ananijua."

Siku hizi nimerudi kwetu Kibondo, nauza maharage kwa kopo. Wakiniuliza nilisomea nini, nasema sikusoma.

Vijana mnaoitaka kazi hii, kasomeni. Someni wenyewe mpaka kichwa kiwaume, maana karatasi yako ikikosewa kuna mama atalala nje na mwanawe. Na kama kuna aliyekushika mkono, siku ukiulizwa mbele ya watu kama unamfahamu, sema namfahamu, hata kama utapoteza kila kitu. Mimi nilivipoteza vyote hata hivyo. Madamu sijui kama yu hai na wale watoto, wala sina wa kumuuliza.