Yule Kijana Hakuomba Ndoo

Habari za kifo cha mwalimu wa tafsiri niliyefundisha naye Amu, kisiwani Lamu, zilinifikia Jumanne kwa ujumbe wa simu, na nakiri kwamba kabla ya kusikitika nilikasirika. Nilimkasirikia mkuu wa chuo aliyeandika "tumepoteza nguzo", ilhali ndiye aliyempunguzia vipindi akisema siku hizi kila mwanafunzi ana mtafsiri kwenye simu. Nilijikasirikia na mimi, tena zaidi.

Tuliwahi kuwatuma wanafunzi Pate wakarekodi masimulizi ya wazee, wayatafsiri kwa Kiingereza, tuchapishe kitabu. Bi mmoja alisimulia alivyofiwa na mwanawe. Kijana alikuwa kitandani, homa imempanda, akaita mara mbili: "Ndoo, mama. Ndoo." Msichana aliyepewa simulizi hilo aliliingiza kwenye akili mnemba, nayo ikaandika kwa Kiingereza safi kwamba kijana aliomba ndoo, hii ya kuchotea maji. Msahihishaji wa kwanza nilikuwa mimi, mtu wa bara. Nikaona sawa tu, mgonjwa akitaka kutapika huomba ndoo. Nikampa alama themanini. Mwenzangu marehemu, mzaliwa wa Pate, alipoisoma aliingia chumba cha walimu na karatasi mkononi. "Bwana, ndoo gani? Kwetu ndoo ni njoo! Mwana yuwafa, yuwamwita mamake, nanyi mwampa ndoo?"

Wenzangu wakacheka. Msichana alipoitwa alijibu bila wasiwasi, "Lakini mwalimu, Kiingereza chake kiko fiti. Na huyu mwalimu alipitisha." Alininyooshea kidole mimi. Marehemu hakuwa adui wa mashine. Barua zake za ofisini aliiandikisha hiyo hiyo. Alitaka jambo moja tu, kila mwanafunzi arudi kwa msimulizi amuulize. Mkuu akasema hakuna muda, na kitabu kikachapishwa na ndoo yake ndani. Nami nikanyamaza, kwa sababu kusema kungefichua kwamba sikuwahi kuisikiliza rekodi. Halafu sisi ndio tunaowafokea wanafunzi kwamba wamekuwa wavivu! Wanaiamini mashine kwa sababu sisi tunaipa alama. Tunasahihisha ulaini wa Kiingereza, basi.

Nilivuka juzi kwenda Pate kutoa pole, na yule Bi alikuwepo. Alinijia akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, maneno ya mwanangu kwa Kizungu yamekaaye?" Nikamwambia yamekaa vizuri. Akanishukuru, akaniombea dua, na mimi nikaitikia amina. Mashine ilikosea kwa kutojua. Mimi nilikuwa najua.

Kwa hiyo wewe mwalimu, nawe mwanafunzi, kabla hujaipitisha tafsiri, mtafute mwenye maneno, umweleze kwa lugha yake ulichomwandikia. Ukishindwa kumtazama usoni, ifute uanze upya.