Yule Nyuma ya Mupigaji

Mimi ni mutu wa kukasirika haraka, na sioni haya kulisema. Kriketi nilijifunza Uganda, shuleni, wakati tulipokuwa wakimbizi, na tuliporudi Goma tukarudi nayo. Tunacheza Ndosho, kwenye kiwanja cha mawe meusi ya volkano tuliyoyavunja kwa nyundo na kuyamwagia muchanga. Mupira wetu ni wa tenisi, umezungushiwa utepe wa skochi. Mimi ndiye arbitre, yaani refa. Nasimama nyuma ya murushaji, nikimuangalia mupigaji na vijiti vyake vitatu, na nikikuinulia kidole, umetoka, enda ukae. Ilikuwa hivyo mpaka fundi mushonaji mumoja aliponunua telefone yenye ralanti, ile ya kupunguza mwendo wa picha.

Fundi huyo, murushaji wa timu ya pili, akaanza kufunga telefone yake kwenye nguzo nyuma yangu. Eti ubishi ukizuka, tuangalie video. Nikamuambia, "Baba, macho ninayo." Akacheka: "Macho ya muzee na macho ya telefone, wapi na wapi!" Weee, ilinichoma.

Siku ninayoisema, mupigaji alikuwa kijana wa jirani yangu, familia ya Wakatoliki kutoka upande wa Bukavu. Kaka yake mukubwa alipotea wakati vita vilipoingia muji. Alitoka kwenda Mugunga kumutafuta shangazi yao kambini, basi, ikawa mwisho. Hakurudi, wala hakuonekana kati ya maiti. Mama yao alingoja, akangoja, mpaka wakubwa wa familia wakamushinda kwa maneno: misa ya kuondoa kilio ikapangwa Jumamosi, bila mwili, bila kaburi. Kasiksi, pombe ya ndizi ya kwao, ilikuwa imeanza kuchacha. Mama alikubali kwa mudomo tu. Aliniambia mwenyewe mulangoni kwake, "Papa, kama yuko mahali anaumwa, na mimi naondoa kilio, si nitakuwa nimemuzika muzima?"

Nilimuambia amuombe Mungu.

Basi fundi akarusha. Mupira ukapita karibu kabisa na gongo la kijana, ukaingia mikononi mwa mudakaji aliyechuchumaa kule nyuma yake. Timu yake yote ikaruka: umegusa! Maana mupira ukigusa gongo na ukadakwa kabla haujaanguka, mupigaji anatoka. Mimi sikuona kitu, sikusikia kitu. Nikatikisa kichwa: haukugusa, anabaki.

Lo, makelele! "Arbitre amekula rushwa!" "Mwenye macho haambiwi tazama!" Fundi akafungua telefone yake, tukaizunguka tukiwa tumeifunika na jaketi kukinga jua. Ralanti ikaenda pole pole. Mupira ukasugua ukingo wa gongo, ukapinda kidogo, ukaendelea. Kila mutu aliona, na mimi pia niliona. Masikio yangu yaliwaka moto. Nikainua kidole, ametoka.

Lakini kijana hakwenda kukaa. Alikuwa bado ameshika telefone ya fundi. "Rudisha," akasema. Fundi akarudisha. "Rudisha tena." Nilidhani anataka kubisha, nikawa tayari kumukaripia, halafu nikaona midomo yake imekuwa rangi ya majivu.

"Huyu ni nani?"

Kwenye picha, juu ya bega lake la kushoto, kulikuwa na mutu. Kilionekana kichwa na sehemu ya mabega, sehemu ya chini ilifichwa na mwili wa kijana mwenyewe. Tulisema ni mupita njia, amesimama kule mbali kwenye ukuta wa mawe unaofunga kiwanja. Lakini mudakaji anaruka, wenzake wanainua mikono, vumbi linapanda, na yeye hatikisiki. Ukiikuza picha, uso unavunjika vipande vipande. Ukiipunguza, anarudi pale pale, anatazama mugongo wa mupigaji.

"Ni yaya," kijana akasema. Ndivyo alivyomuita kaka yake.

"Hapana," nikasema. "Mimi nilikuwa naangalia huko huko. Hapakuwa na mutu." Watu walikusanya vitu vyao, wakaondoka, na muchezo haukuisha.

Mama yake aliletewa telefone. Kesho yake nilikwenda kwake, nikamukuta ameketi nayo magotini, anaangalia, anarudisha, anaangalia. "Mama, usijitese," nikamuambia. "Macho yangu yalikuwa pale. Hapakuwa na mutu."

Akaniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Papa, hata mupira, wewe ulisema haukugusa."

Akamutumia padiri ujumbe kwamba misa haiko tena. Alicheka siku ile, akapika, akatandika kitanda cha mutoto wake. Mimi nilimuogopa. Nilipopita mbele ya mulango wake nilisikia anaimba, nikaharakisha mwendo, mutu muzima mimi.

Ijumaa alasiri alituita kiwanjani. Alitaka kusimama pale ukutani aliposimama mutoto wake, tumupige picha, ili alinganishe. "Nataka kujua kama amekonda," akasema. Fundi akafunga telefone kwenye nguzo ile ile. Mimi nikasimama mahali pangu, kijana mahali pake na gongo. Mama akaenda mpaka ukutani, akageuka.

Fundi akaangalia kioo cha telefone, akaita, "Mama, unaonekana mudogo sana. Yeye alikuwa mukubwa. Sogea!"

Akasogea. "Bado. Sogea tena." Upepo ulikuwa umekufa, na muchanga ulisikika chini ya kandambili zake. Akafika alipokuwa mudakaji siku ile. Nilidhani fundi atasema basi. Hakusema. Hakuita tena, alikuwa anamupungia mukono tu, njoo, njoo. Mama akapita mahali pa mudakaji. Akaja mpaka nyuma ya kijana wake, karibu kabisa, pale ambapo mupira ulipita.

"Basi," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mutoto. Akavua kofia. "Ni hapo."

Kijana hakugeuka. "Mama, nilikuwa hapa hapa," akasema. "Sikusikia hata pumzi."

Mama akatazama muchanga chini ya miguu yake. Halafu akainua macho kwangu. Hatukuwa mbali, tuliweza kusemezana bila kupaza sauti.

"Papa, kutoka hapo ulipo, unaniona?"

"Nakuona, Mama."

"Vizuri?"

"Vizuri sana," nikasema, kwa kiburi changu cha arbitre. Neno lilikwisha kutoka ndipo nikaelewa nimejibu nini.

Akaweka mukono juu ya mugongo wa kijana, akauacha pale.

"Mutu aliye muzima, ungemuona," akasema. Kisha akamugeukia fundi. "Nisaidie telefone hiyo, mutoto wangu. Nimuite padiri, nimuambie kesho misa iko."