Mabeberu Kumi Kwenye Kinanda cha Chome

Ndugu zangu, aibu niliyoipata kanisani Chome siku ya mavuno ilitosha kujaza lori, na nyingine ingebaki barabarani kusubiri lori la pili, lakini acheni niisimulie mwenyewe, maana kwetu Mhezi wanaisimulia vibaya (wanasema hata ng'ombe walilia, ni uongo mtupu, ng'ombe hawakuwepo).

Kinanda cha kwaya yetu kilikuwa kimekufa sauti, vitufe vinabonyezeka ila hakitoi kitu. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni pale Same, bingwa wa kila kitu kinachotumia umeme kuanzia pasi mpaka mnara wa simu, nikawaambia wazee wa kanisa wasinunue kingine, nitakiunganisha na kompyuta yangu kwa waya wa MIDI. Nikawaeleza kwamba waya ule haubebi sauti hata chembe, unabeba amri tu, kidole kimebonyeza hapa, kidole kimeachia pale, kisha kompyuta ndiyo inayoimba kupitia spika.

Mzee Mshana, kiongozi wa wazee wa kanisa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, Elieneza. Siku ya mavuno tunakujaribu. Ukituaibisha, kompyuta inarudi kwenu na kwaya itaimba bila chombo."

Sasa mavuno mnayajua, watu wanaleta mbele ndizi, magimbi, kuku na mbuzi, na baada ya ibada vinapigwa mnada uwanjani. Nikaona nisiwe mchoyo wa kipaji, nikarekodi mlio wa beberu wa mama yangu nikautandaza kwenye vitufe vyote, ili mbuzi akipigwa mnada nibonyeze, watu wacheke. Sauti ya kupigia wimbo na sauti ya beberu nikaziweka faili moja (kompyuta yangu ikifungua faili la pili unaweza kupanda mlima Shengena ukarudi ukaikuta bado inafikiri), amri za kinanda zikawa zinakwenda kwa zote mbili, ila nikazitenganisha kwenye kiboksi cha sauti, kile kinachochomekwa kwenye kompyuta kugawa sauti kwa spika tofauti: wimbo utoke spika za ndani, beberu atoke spika ya uwanjani, ambayo ingewashwa wakati wa mnada tu.

Asubuhi mvua ikanyesha, njia ya Chome ikawa uji, nikaamua kiboksi kibaki nyumbani kisilowe. Si kompyuta ina tundu lake la spika? Uamuzi mdogo tu, jamani! Sikujua kwamba programu ya muziki ya kompyuta isipokiona kiboksi, inakusanya sauti zote na kuzimwaga kwenye tundu lililopo. Na kwa kuwa nilifika ibada imeshaanza, sikujaribu chochote.

Ikafika sadaka. Mama Naetwe, mwalimu wa kwaya, akainua mikono, akina mama wakaanza kuja mbele na vikapu vichwani, nami nikashusha vidole vyote kumi kwa mpigo.

Meeeeeee!

Mabeberu kumi, sauti ya kwanza mpaka besi, tena kwenye ufunguo sahihi kabisa! Mbuzi waliofungwa nje wakaitika. Mama mmoja akaachia kikapu.

"Elieneza, zima!" Mama Naetwe akasema meno yakiwa yamefungwa.

Kwa hofu nikachomoa waya wa kinanda huku vidole vingali vimebonyeza, kosa juu ya kosa, maana amri ya kuachia ikakosa njia, kompyuta ikaamini bado nimebonyeza, na mabeberu wakaendelea kulia bila kuvuta pumzi.

"Hawa wanakula saa ngapi?" akauliza mtu wa besi nyuma yangu.

Ndipo nikakumbuka kwamba kompyuta ina kitufe cha kunyamazisha noti zote. Nikabonyeza. Kimya, mpaka ukasikia gimbi likibingirika sakafuni. Mzee Mshana akaanza kuinuka polepole kitini, macho kwangu, nikajua kazi imekwisha.

Lakini Mama Naetwe hakumngoja. Akaanzisha wimbo mwenyewe, kwaya ikadaka, nami nikapata ubeti mzima wa kujiokoa: nikamfuta beberu, nikarudisha waya, nikatega sikio (walikuwa wamepanda nusu sauti, hofu ile!), nikapandisha kinanda nusu sauti kuwafuata, na kwenye kiitikio nikaingia na kinanda, besi na ngoma kwa pamoja. Ndugu zangu! Vumbi lililokaa kwenye dari tangu enzi za Wajerumani likashuka lote, akina mama wakacheza na vikapu mpaka madhabahuni, na waliokwisha kutoa wakarudi nyuma kupanga foleni upya. Mzee Mshana, aliyeinuka kunifukuza, akabaki amesimama anapiga makofi, tena kwa mdundo wangu.

Baada ya ibada nikamfuata kichwa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo besi mbona haifiki vizuri kwenye benchi letu sisi wazee?"

"Itafika, mzee."

"Jumapili uje mapema uirekebishe. Na kompyuta ilale ofisini kwa mchungaji, barabara isije ikatuulia."

Ikatuulia, alisema, siyo ikakuulia! Nikashuka Mhezi natembea katikati ya barabara kama mkuu wa wilaya. Ila tangu siku hiyo nafika kanisani kabla ya mpiga kengele, nachomeka waya mmoja mmoja, na nimeapa kwamba hakuna noti itakayosikiwa na watu kabla sijaisikia peke yangu, madawati yakiwa matupu.