Mama Wawili wa Baba

Harufu ya grisi ya reli ikinipitia puani hata leo, mkono wangu hutafuta ndoo. Baba alikuwa fundi wa treni pale Kindu, na kila jioni alirudi nyumbani kwetu mtaa wa Mikelenge akinuka grisi na mafuta ya mazutu, akaketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akavua viatu, kisha akaita: "Mama, uniletee maji." Mama huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepewa jina la nyanya yangu, Ngalula, mama mzazi wa baba, na kwa desturi tuliyotoka nayo Kasai, mtoto mwenye jina la mama yako humwiti hivihivi kama watoto wengine. Unamwita Mama. Kaka zangu walitumwa na kufokewa; mimi niliombwa. Nilikuja na ndoo ya maji ya moto na kipande cha sabuni, nikitembea polepole ili majirani wote waone ni nani aliyeitwa, na kichwa kilinivimba kwelikweli.

Nyanya tulimwita Koko. Alikuwa amezaa watoto wawili tu, baba na shangazi yangu, na shangazi alizaa mtoto na Mzungu, msimamizi wa karakana ya reli, katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Mzungu akarudi kwao Ulaya, shangazi akafariki, na mtoto akachukuliwa na masista wa huko Lokandu, kando ya mto. Baba hakwenda kumwona hata mara moja. Sababu haikutajwa mezani, lakini sote tuliijua: msimamizi yule aliwahi kumzaba baba kofi mbele ya wenzake kwa sababu ya spana iliyoanguka, na baba aliinama akaiokota. Koko alimbembeleza miaka na miaka. Mwishowe alichoka kubembeleza, akapanda mtumbwi mwenyewe, akarudi na msichana mrefu wa rangi ya chai ya maziwa, aliyeitwa Monika.

Nilimchukia kabla hajatua kifurushi chake. Watu wa Mikelenge walipita mbele ya uzio wetu wakijifanya wanakwenda sokoni, kumbe wanataka kuziona nywele zake. Wengine walimwita metisi, yaani chotara, wengine walimwita mtoto wa Mzungu, na wapo waliotema mate. Mimi sikuyaona mate. Niliona tu kwamba hakuna aliyenitazama mimi. Alilala kitandani kwa Koko, mahali pangu. Alijua kudarizi, alijua kuimba sauti ya pili, na nilipomnunia alinipa nusu ya muhogo wake. Hilo la muhogo ndilo lililoniudhi kuliko yote, maana nilikuwa na njaa na niliukubali.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Zaire, tulipoambiwa tuyaache majina ya Kizungu na kila mtu ashike jina la wazee wake. Monika hakuwa na jina jingine. Jumapili moja mchungaji aliuliza kanisani familia yetu itampa lipi, na watu wakageuka kumtazama baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa. Baba alitazama viatu vyake. Ndipo Koko akainuka kutoka benchi la wanawake, taratibu, akashika bega la yule msichana.

"Huyu njo majina yangu," akasema. "Ni Ngalula, sawa na ule mwingine."

Mwingine! Nilihisi kama nimevuliwa nguo hadharani. Jina lilikuwa langu, na neno lililofuatana nalo lilikuwa langu. Lakini baba ndiye aliyepata mzigo mkubwa zaidi, maana tangu siku hiyo ilimpasa kumwita Mama binti wa mtu aliyempiga kofi. Hakuweza. Akamwita "wewe." Wewe, funga mlango. Wewe, sogea. Na mimi kila niliposikia hiyo "wewe" niliionja kama asali, nikamwomba Mungu, nikiwa nimepiga magoti kabisa, baba asibadilike.

Koko aliomba kinyume. Siku ya Meza ya Bwana, baba alipita kwenye mabenchi na sahani ya mkate, akafika kwa mama yake. Koko aliiacha mikono yake mapajani. Baba akasubiri. Kanisa zima likasubiri.

"Mukate ya Bwana iko moja," Koko akamwambia, bila kupaza sauti. "Siwezi kuikula, na weye unamwita mutoto yangu 'wewe.' Utamwita, kisha nitakula."

Baba akaendelea na sahani. Wiki hiyo hakula vizuri. Mtu aliyewagawia wengine mkate, mama yake akiukataa kwa ajili yake, alikuwa na aibu ambayo kuoga hakuiondoi.

Jumamosi alirudi kutoka kazini, akaketi, akavua viatu. "Mama," akaita, "uniletee maji." Nilikuwa tayari na ndoo. Nilipomfikia aliniangalia kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Hapana, si weye. Ule mukubwa."

Monika alitoka jikoni, mikono ina unga, akaichukua ndoo kutoka mkononi mwangu. Baba aliyapokea maji, akanawa uso, akaendelea kunawa muda mrefu hata baada ya uso kutakata. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kwa wivu mpaka nikapata kwikwi. Kesho yake, baba alipopita tena na sahani, Koko alikula mkate, na wanawake wakapiga vigelegele ambavyo sikuvijibu.

Siku hizi Zaire haipo tena, Koko hayupo, treni huja ikitaka. Pale Mikelenge hakuna anayesimama kuitazama rangi ya Monika, ambaye ni mama wa kanisa na mnene kunizidi. Wajukuu zetu wanacheza pamoja, weusi na weupe kidogo, hawajui nani alitoka wapi. Wanalojua ni ugomvi wetu mmoja. Baba alipokuwa anakufa, adhuhuri, sote tumemzunguka, alifumbua macho akaita, "Mama." Tuliinuka mimi na Monika kwa pamoja, tukagongana mlangoni tukikimbilia maji. Yeye anasema aliitwa yeye. Wenye busara wanasema baba alimwita Koko. Mimi nilikuwepo, na nawaambia aliniita mimi.